Kabla Hujapamba Chumba cha Bi Harusi: Tingatinga, Kuta za Kusini na Pazia la Bibi Aisha



Mfunguo Mosi ukiingia tu, maswali ya chumba huanza. Safari hii mengi yametoka kwa mabinti wa Unguja na Pemba wanaoolewa Bara, hasa Dar es Salaam, na si pale mjini kati bali kule vijana wanakopata nyumba: Mbagala, Tandika, Temeke yenyewe, Kinondoni, Mwananyamala, Tegeta. Swali huja na picha ya simu. Ukuta mtupu, kitanda bado hakijafika, na fundi anasubiri jibu. Tubandike zile karatasi za ukutani, wolpepa, zenye tausi wakubwa? Na ile picha ya Tingatinga aliyotuzawadia shemeji, ya chui na ndege, itundikwe wapi? Mama mkwe keshasema haitundikwi. Mume anasema ni sanaa ya nchi, kuna ubaya gani?

Jibu la mstari mmoja tungeweza kulitoa, lakini tunaona lingewaonea wote wawili, mama mkwe na mume, maana kila mmoja ameshika kitu cha kweli. Tukaamua kwanza tuwaeleze habari ya picha hiyo na mtu aliyeianzisha. Tumezoea kulitaja jina lake kila siku kana kwamba ni aina ya rangi, wakati ni jina la mtu, tena mtu aliyekufa kijana.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, kusini kabisa mwa Tanzania, karibu na mpaka wa Msumbiji. (Watoto wetu wakisikia tingatinga hufikiria lile trekta la kuchimba barabara. Hili ni jina la ukoo wake.) Kama vijana wengi wa kusini wa wakati ule, aliondoka kwao kutafuta kazi, akafika Tanga kwenye mashamba ya mkonge, kisha mwishoni mwa miaka ya 1950 akaingia Dar es Salaam. Huko alifanya kazi za nyumbani kwa Wazungu wa Oysterbay, na vibarua vya hapa na pale. Makazi yake yalikuwa Msasani, ambayo wakati ule ilikuwa bado kijiji cha wavuvi pembeni ya mji. Picha za kuuza alianza kuzichora mwaka 1968, umri wake ukiwa umeshapita miaka 35, hajapata kukaa darasa lolote la uchoraji. Mwaka 1972 akapigwa risasi na polisi usiku, walipomdhania kuwa ni mwizi anayekimbia, akafariki.

Miaka minne basi. Kwa wachoraji wengine tungesema huo ndio mwanzo wa kazi, kipindi cha kujaribu jaribu kabla mkono haujatulia. Kwake mwanzo huo ndio kazi yote. Kwa hiyo anayetaka kumjua inabidi aulize jambo lililotangulia hiyo 1968: mkono ule ulijifunza wapi?

Jibu lililo karibu zaidi na ukweli, kwa maoni yetu, ni ukutani.

Mwaka 1906 Mjerumani mmoja, Karl Weule, mtu wa makumbusho ya Leipzig, alisafiri kutoka Lindi kuingia ndani mpaka Masasi na uwanda wa Newala. Nchi ilikuwa imetoka kuumizwa na vita vya Majimaji. Weule alikuwa na tabia za watafiti wa kikoloni wa zama zake na mengi aliyoyaandika hatuyapendi, lakini jambo moja alilifanya vizuri: aliziangalia kuta. Aliona nyumba za udongo za watu wa kule, Wamakua, Wayao, Wamakonde, zikiwa zimechorwa watu na wanyama, akazinakili. Kisha akawapa watu karatasi na penseli ili achukue na michoro yao mingine. Kitabu chake kilitoka mwaka 1908, na michoro hiyo imo.

Sasa fikiria nyumba yenyewe. Miti na fito, udongo umekandikwa kwa mikono, ukikauka unasawazishwa na kupakwa rangi moja. Juu ya hiyo rangi moja ndipo linapokuja umbo: mnyama mmoja mkubwa katikati, amezungukwa na uwazi. Mvua za mwaka zikipita, udongo unabanduka na picha inaondoka nao, ukuta unakandikwa upya na mwingine anachora. Hakuna aliyedhani kuwa anatengeneza kitu cha kukaa miaka mia. Kazi yake ilikuwa ni kupamba nyumba tu, kama wolpepa inavyofanya leo.

Tingatinga alizaliwa upande huo wa nchi, na watafiti waliokuja kumfuatilia baadaye wengi wameuona uhusiano huo. Wapo pia wanaosema alivutwa na picha za wachoraji wa kutoka Congo zilizokuwa zikitembezwa Dar es Salaam miaka hiyo. Inawezekana yote mawili ni kweli. Sisi kinachotushawishi zaidi ni vifaa alivyotumia. Alichukua hadibodi, zile bodi ngumu za kahawia ambazo mafundi huzipigilia darini, zikakatwa vipande vya mraba vya kama sentimita 60 kwa 60. Rangi alizotumia zilikuwa rangi za mafuta zenye kung'aa, zile zile za kupakia baiskeli. Turubai na rangi za wasanii zilikuwa ghali na za watu wengine. Yeye alinunua alichoweza kununua katika duka la vifaa vya ujenzi.

Angalia na namna alivyoipanga kazi. Kwanza anapaka bodi nzima rangi moja, anaiacha ikauke. Halafu anaweka umbo moja, mara nyingi mnyama au ndege, na mwisho madoa na mistari ya mapambo. Yeyote aliyewahi kumsimamia fundi rangi nyumbani kwake anaujua mtiririko huo. Ni mpango wa mtu anayepaka ukuta, si wa mtu anayechora kwenye karatasi. Tukisema kuwa picha ya Tingatinga ni kipande cha ukuta kilichokatwa kikapewa msumari wa kutundikia, hatudhani tunatia chumvi.

Kuta hizo zilikwenda kwa nani? Hapa kuna habari inayowahusu moja kwa moja mabinti wa Temeke na Kinondoni.

Waingereza waliigawa Dar es Salaam kwa rangi za watu. Wazungu walikaa Oysterbay, viwanja vikubwa vinavyotazama bahari. Wahindi walikaa katikati ya mji na maduka yao. Waafrika waliwekwa Kariakoo na Ilala, kisha, mji ulipofurika baada ya Vita Kuu ya Pili, wakapimiwa maeneo ya Magomeni, Temeke na Kinondoni. Uhuru wa 1961 uliifuta sheria, lakini nyumba zilibaki pale pale. Tingatinga na jamaa zake waliuzia picha zao nje ya Morogoro Stores, duka la Oysterbay walikokwenda kununua mahitaji Wazungu na maofisa wa balozi. Aliyechora alikuwa mtu wa vibarua wa Msasani, na aliyenunua alikuwa mgeni mwenye sebule pana. Picha ziliruka kwenda Ulaya katika masanduku ya watu waliomaliza mikataba yao.

Temeke hazikufika. Nyumba ya Kiswahili ya Temeke au Kinondoni mnaijua: mlango wa mbele, korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, ua nyuma na jiko na choo. Kila chumba kina mpangaji wake. Bi harusi aliyeletwa kutoka visiwani aliingia katika chumba kimoja, na kuta nne ndizo alizokuwa nazo za kupamba. Alizipamba. Palikuwa na fremu ya Ayatul Kursiy, picha ya Al-Kaaba, saa ya ukutani, kalenda ya duka fulani la Kariakoo, na pengine picha ya Mwalimu. Juu ya kabati palilazwa vitambaa alivyovifuma mwenyewe akiwa mwari. Bei ilikuwa sababu moja ya kutokuwepo kwa picha za Tingatinga, maana nani angetoa fedha ya chakula kununua chui? Lakini hata angepewa bure, wengi wasingemtundika. Sababu hiyo ya pili ndiyo anayoishikilia mama mkwe, na umri wake ni zaidi ya miaka 1,400.

Imesimuliwa na Bibi Aisha mwenyewe (Radhi za Allah ziwe juu yake), katika Bukhari na Muslim. Mtume (S.A.W.) alikuwa safarini. Bibi Aisha akachukua kitambaa chenye picha, akafunika nacho sehemu ya chumba chake iliyokuwa kama kidaka au rafu. Mtume (S.A.W.) aliporudi akakiona, uso wake ukabadilika, akakiondoa, na akaeleza ukubwa wa adhabu ya wanaojifananisha na uumbaji wa Allah. Mara nyingi masimulizi ya vibarazani huishia hapo. Tunaomba msiishie hapo, kwa sababu Bibi Aisha hakuishia hapo: anasema kile kitambaa walikikata wakakifanya mto mmoja au miwili.

Hebu litazameni tukio hilo kama wanawake wenye nyumba. Ni mke kijana aliyependa chumba chake kiwe kizuri mume akirudi. Hakukaripiwa kwa kupenda uzuri. Kitu chenyewe hakikutupwa wala kuchomwa moto, kilishushwa kutoka mahali pa kutukuzwa kikawekwa mahali pa kuegemewa. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi walijenga juu ya hapo: picha ya chenye roho iliyotundikwa juu haifai, na ile iliyo katika kitu kinachokaliwa au kukanyagwa, kama mto na mkeka, hukumu yake ni nyepesi. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ameieleza vizuri katika sherehe yake ya Sahihi Muslim. Miti, maua, milima, majengo, vitu visivyo na roho, havina tatizo.

Kuna na masimulizi ya Ibn Abbas (R.A.) ambayo sisi huyapenda kwa upole wake. Alimjia mtu ambaye riziki yake ilitokana na kazi ya mikono yake, naye alikuwa mchoraji. Ibn Abbas akamsomea aliyoyasikia kwa Mtume (S.A.W.), yule mtu akabadilika rangi kwa hofu. Ibn Abbas hakumwambia akae njaa. Alimwelekeza kwamba ikiwa hana budi kuifanya kazi hiyo, basi achore miti na vitu visivyo na roho. Tutairudia habari hii chini, kwa sababu inawahusu wachoraji wa Morogoro Stores kuliko inavyotuhusu sisi.

La tatu linaigusa wolpepa hata kama haina tausi. Katika Muslim imo riwaya ya pazia jingine ambapo Mtume (S.A.W.) alibainisha kuwa Allah hakutuamrisha tuyavishe nguo mawe na udongo. Wanazuoni wengi wakasema hapo pana karaha, si haramu. Maana yake iko wazi kwa kila aliyepokea bei ya fundi wolpepa: ukuta usije ukala fedha iliyokuwa ya godoro, ya mahari iliyoahidiwa, au ya kodi ya miezi sita ambayo mwenye nyumba wa Mbagala anaitaka mkononi. Tumeona maharusi walioanza ndoa wakidaiwa kwa ajili ya ukuta wa nyumba ambayo si yao.

Je, haya yalimaanisha kuwa kuta za Waislamu wa pwani ziwe tupu? Hata kidogo. Nendeni Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, mwingie ule msikiti. Katika kibla yake mna maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye jiwe la matumbawe, yakiwa na tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Herufi zake zinachipua. Mwisho wa herufi unageuka jani, jani linakunja na kuingia katika herufi nyingine. Aliyechonga hakuwa na haja ya chui. Miaka zaidi ya 900 baadaye bado mtu akiingia macho yanakwenda pale.

Halafu kuna zidaka. Katika nyumba kubwa za mawe za pwani, na Lamu ndiko zilikobaki nzuri zaidi, chumba cha ndani kabisa kilikuwa cha wanawake, na ukuta wake ulichongwa katika lipu ya chokaa vijumba vidogo vidogo, safu juu ya safu, kila kimoja na mapambo pembeni yake. Humo zilipangwa bakuli na sahani za kaure zilizokuja na majahazi. Zipo zidaka za karne ya 18 ambazo ukizitazama kwa mbali huwezi kujua wapi mchoro umeanza na wapi umekwisha. Majani, duara, nyota, mistari inayosukana. Kama mtu atatuuliza wolpepa ya bibi zetu ilikuwa ipi, tutamwonyesha hiyo. Tofauti ni kwamba ile haikubanduka.

Hata milango yetu ya Mji Mkongwe, ambayo ina samaki wa kuchongwa, fundi amemlainisha samaki, amemjaza magamba na mistari, mpaka anakaribia kuwa ua. Tunadhani fundi yule alikuwa na mjadala ule ule wa mama mkwe na mume kichwani mwake, akautatua kwa patasi.

Na Wazungu nao waliona. William Morris wa Uingereza, ambaye jina lake huwezi kulikwepa ukisoma habari za wolpepa, alianza kwa kutaka kuwa mchoraji wa picha. Picha ya mafuta aliyoikamilisha inayojulikana ni moja tu, ya mwaka 1858. Akaacha, akahamia mapambo ya nyumba, na mwaka 1862 akabuni karatasi yake ya kwanza ya ukutani: mawaridi yanayopanda kwenye fito zilizosukwa. Ndege waliomo hakuwachora yeye. Aliwachora rafiki yake, Philip Webb. Baadaye karatasi zake nyingi zilikuwa za majani na maua yanayojisuka bila mwanzo wala mwisho, na mtu akiziona baada ya kuona kibla cha Kizimkazi hatashangaa kuambiwa kuwa Morris alikuwa mpenzi mkubwa wa mazulia ya Kiislamu. Makumbusho ya London yalipotaka kulinunua zulia la Ardabil la Uajemi, lililofumwa mwaka 946 Hijria, Morris ndiye aliyeyashauri yasiliache. Likanunuliwa mwaka 1893. Kwa hiyo binti wa Kinondoni anayechagua karatasi ya maua yanayosukana, akidhani anafuata mtindo wa Ulaya, kwa sehemu analeta nyumbani kitu kilichotoka kwa Waislamu wenzake kikazunguka dunia.

Neno moja la kiutendaji kabla hatujarudi Msasani. Ukuta wa pwani una unyevu na una chumvi. Chokaa ya wazee ilikuwa inapumua, unyevu unaingia na kutoka. Karatasi ya plastiki iliyobandikwa kwa gundi haipumui. Mwaka mmoja tu, hasa chumba cha chini na kile kinachopakana na bafu, utaona pembe zinajikunja na nyuma yake kuna ukungu mweusi. Kwa mwenye pumu au mtoto mchanga hilo si jambo dogo. Ikiwa lazima iwe wolpepa, weka ukuta mmoja tu, ule wa kichwani mwa kitanda, na uwe mkavu.

Baada ya kifo cha Tingatinga wenzake hawakutawanyika. Jamaa na wanafunzi wake, akina Ajaba Abdallah Mtalia, January Linda, Adeusi Mandu, Casper Tedo, Simon Mpata, waliendelea kuchora na kufundisha wengine chini ya mti, pale pale karibu na Morogoro Stores. Mwaka 1990 kikundi kikawa chama rasmi cha ushirika. Wanawake walikuwa wachache, na Agnes Mpata ni mmoja wa waliojulikana. Someni majina ya waliofuata: Mohamed Charinda, Omari Amonde, Hashim Mruta. Wengi ni watoto wa nyumba za Kiislamu za kusini, waliokuja mjini kama Tingatinga alivyokuja. Riziki yao ilikuwa chui, twiga na ndege, kwa sababu mtalii alitaka chui, twiga na ndege. Biashara hiyo ilivuka maji ikaja kwetu, na leo Mji Mkongwe na Nungwi huwezi kupita kichochoro bila kuona bodi na turubai za mtindo huo, nyingine nzuri, nyingi za kunakili haraka haraka.

Hapa ndipo tunapokumbuka yule mchoraji wa Ibn Abbas. Ni rahisi kwetu kukaa upenuni na kusema hawa wanachora vyenye roho, basi tusiwanunulie. Wakati huo huo tunampelekea fedha mwenye duka wa Kariakoo kwa karatasi iliyochapwa kiwandani ng'ambo, tena yenye tausi. Haieleweki. Mtu anayechora kwa mkono huchora unachomwagiza. Miaka hii wachoraji wa Tingatinga huchora mibuyu, vijiji, mlima Kilimanjaro na majahazi, na mkono uliozoea madoa na mapambo ya kujaza nafasi ndio hasa mkono wa kuchora maua. Tatizo ni kwamba ombi kutoka kwa bi harusi wa Kiislamu wa Temeke halijawafikia. Kwa zaidi ya miaka 50 mteja wao amekuwa mgeni.

Basi kwa yule aliyetuuliza kuhusu zawadi ya shemeji: mama mkwe ana dalili, na kwa madhehebu wanayofuata wengi wa pwani, chui hatundikwi, achilia mbali chumba mnachosalia. Mume naye ana haki ya kuipenda kazi ya nchi yake. Bodi haigeuki mto, hilo tunakubali. Lakini kitambaa chenye mchoro wa Tingatinga kinageuka, na mwenye kufuata mwendo wa Bibi Aisha atakifanya mito miwili ya sebuleni. Bodi aliyopewa anaweza kumrudishia mchoraji, kwa makubaliano na shemeji, ipakwe rangi upya na kuchorwa kingine juu yake. Ni hadibodi na rangi ya mafuta, inakubali. Kuta za udongo za kusini zilikuwa zikifanywa hivyo kila zilipokandikwa upya. Suala lenye utata zaidi ya hili mpelekeeni sheikh wenu wa mtaa, msitutegemee sisi.

Anayetaka kuagiza kipya, nenda Oysterbay mwenyewe au mtume kaka yako. Usiseme tu unataka Tingatinga, maana utaletewa tembo. Sema: mkarafuu wenye matawi, au mlangilangi, au asumini na vikuba, bila ndege wala kipepeo. Peleka kipande cha rangi ya ukuta wako ili rangi ya chini ya bodi iendane nayo. Chukua bodi nne za sentimita 60 uzipange mbili juu mbili chini, zitakupa upana wa kichwa cha kitanda cha futi nne. Kisha agiza mapema, angalau wiki tatu kabla ya siku ya kuingia, kwa sababu rangi ya mafuta ina harufu kali, na chumba cha fungate madirisha yake hayafunguliwi sana.

Wallahu aalam.